Mbili Yangu Ilikuwa Nane

Maitu,

Umeenda Ruiru kumuaga tata yako, na najua hutarudi kabla ya saa kumi na mbili, kwa sababu huyo dada yangu hajawahi kumwachilia mgeni kabla ya chai ya pili. Mama yako yuko zamu ya mchana kiwandani. Kwa hivyo nyumba ni yangu, meza ni yangu, na nimechukua daftari lako la hesabu la kidato cha nne, lile lililobaki na kurasa tupu nyuma. Usinilaumu. Wewe unaenda Eldoret kujifunza kupima mashamba ya watu. Hesabu za hapa umezimaliza.

Sitakuandikia mambo ya kufunga mlango, kuanika nguo ndani, wala kutoazima watu sufuria. Hayo mama yako amekwambia mpaka ukayakariri, na mengine ameyabandika ndani ya kifuniko cha begi. Mimi nataka kukuandikia kuhusu begi lenyewe. Ijumaa iliyopita ulilipanga. Jumapili nikalikuta wazi, nguo zimerudi kabatini. Jana ukalipanga tena, na leo asubuhi zipu ilikuwa wazi na sweta mbili zimetolewa. Mtu anayetoa sweta kwenye begi la Eldoret hajaamua kwenda Eldoret.

Jumapili ile ulikuwa ukiosha vyombo, ukaniambia bila kugeuka, "Baba, shida si kwenda. Shida ni kwamba nikiwa huko nitakupigia simu, utasema uko sawa, na mimi sitakuwa nakuona."

"Lakini niko sawa," nikasema.

"Si umeona sasa?"

Jibu nimelitafuta siku tano. Nadhani nimelipata, ila ni refu, na kuna sehemu zake ambazo hazinipendezi. Nakuita Maitu, mama yangu, kwa sababu jina lako ni lake, Nyambura, na ningetarajia kwamba mtu aliyempa binti yake jina la mama yake angeona aibu kumdanganya. Sikuona. Hebu tuanzie kwenye mawe.

Walipotoa mfuko wangu wa nyongo, wewe ulikuwa kidato cha pili. Unazikumbuka zile siku kwa sababu ya kichupa. Daktari alinipa mawe yangu niende nayo, kumi na moja, ya rangi ya chai isiyo na maziwa mengi, nami nikayaweka juu ya kabati la televisheni. Kila aliyekuja kunipa pole alionyeshwa. Mchungaji aliyashika akayageuza, akauliza kama yana bei. Na kila mtu nilimweleza kifundi: palikuwa na tangi dogo, tangi likajaa mawe, tangi limetolewa, kazi imekwisha.

Wewe unajua jinsi mimi huwa namaliza kazi. Ulikuwa unanifuata Jumamosi ukiwa mdogo. Nikiunga bomba napangusa kiungo mpaka kikauke, natandika kipande cha gazeti chini yake, nafungua maji, halafu nakaa. Spana sikusanyi. Nakunywa chai. Gazeti likibaki kavu mpaka kikombe kiishe, ndipo namwita mwenye nyumba. Mafundi wenzangu hunicheka. "Mzee anangoja bomba lijifungue." Wacha wacheke. Nimefunga vyoo vya ghorofa nyingi za Ruiru, na sijaitwa kurudi kwa sababu ya tone.

Sasa huyo mtu wa gazeti aliambiwa na daktari, "Rudi baada ya wiki sita tukuangalie." Nilikuwa na jengo huko Ruiru, ghorofa saba, mwenye jengo anataka wapangaji waingie mwisho wa mwezi. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri. Nilijisikia mzima. Sikurudi. Vyoo vya watu nisiowajua nilivitandikia gazeti, na tumbo langu nikaliacha hivyo hivyo.

Jiwe moja lilikuwa limebaki kwenye bomba.

Nikueleze kama nilivyoelezwa baadaye, maana nilimfanya daktari anichoree. Nyongo hushuka kwa bomba lake. Nyuma ya tumbo kuna kitu kingine kinaitwa kongosho, nacho kinashusha maji yake makali ya kusaga chakula. Hawa wawili wanatumia mlango mmoja kuingia utumboni. Mimi sikuwa nimewahi kulisikia hilo neno. Kongosho. Nilidhani ni mtaa uliofunguliwa juzi karibu na Kalimoni. Jiwe likikaa mlangoni, maji ya kongosho yanakosa pa kwenda, na kwa kuwa kazi yake ni kusaga, yanaanza kulisaga kongosho lenyewe. Fundi wa mabomba hakuhitaji kuchorewa hilo. Kila wiki naitwa na mtu aliyezibwa chini akishangaa maji yanamtokea jikoni.

Maumivu yalianza miezi kama mitano baada ya upasuaji. Chini ya mbavu, katikati, halafu yanapenya hadi mgongoni kama mtu anakaza nati iliyokwisha kukazwa. Na kwetu sisi tumbo la mtu mzima lina ugonjwa mmoja tu. Muuza saruji aliniambia ni alsa, vidonda vya tumbo. Mwenye pikipiki akaniambia ni alsa. Mimi mwenyewe, ambaye nimewahi kusoma gazeti zima mpaka matangazo ya vifo, nikasema ni alsa. Maabara moja ya mtaani ikaniambia nina taifodi. Ya pili, iliyo ng'ambo ya barabara, ikanipa taifodi pamoja na brusela, nadhani kwa sababu nilionekana mteja mzuri. Nilikunywa maziwa baridi. Nilikunywa maji ya kabeji hadi mama yako akauliza kama tumeanza kufuga sungura. Maumivu yalikuwa yakija siku tatu, yanaondoka, nami naisifu kabeji. Kwa miaka miwili niliisifu kabeji.

Halafu kuna habari ya choo. Ningeiruka, lakini wewe ndiye ulishika tochi.

Vitu vilikataa kuzama. Nisamehe, lakini unaenda kuishi na wasichana wengine, utasikia makubwa kuliko haya. Vinaelea, vyeupevyeupe, na juu ya maji kuna mafuta kama ya supu. Mtu mwingine angeenda hospitali. Mimi nilienda kununua vipuri. Nilibadilisha vali. Halafu nikabadilisha tangi lote. Halafu nikafungua bomba la chini, Jumamosi nzima, nikilaumu watu wa maji kwamba wamepunguza nguvu. Ukaniuliza, umechuchumaa pale na tochi yako, "Baba, mbona mimi na mama tukienda inashuka vizuri?"

Nikakwambia ushike tochi vizuri.

Wakati huo mkanda wangu nilikuwa nimeutoboa tundu jipya kwa msumari, na baada yake jingine. Chakula kilikuwa kinapita mwilini mwangu kama mgeni asiyetaka hata kuketi. Wewe uliliona swali ukiwa na miaka kumi na sita. Mimi nilikuwa na majibu mengi mno, nikakosa nafasi ya kuweka swali. Hilo nimelifikiria sana. Mtu aliyejifunza mwenyewe, kama mimi, ana hatari hii: kila kitu anakijua kwa mfano wa kile alichokijua kwanza. Ukinipa mtu anayelia, nitamtafutia kiungo kinachovuja. Mara nyingi nitakuwa nimepatia, na hiyo ndiyo mbaya, kwa sababu siku nikikosea nitakosea kwa uhakika wote.

Mwaka wako wa mwisho shuleni macho yangu yakawa ya manjano. Hapo hata muuza saruji alikubali si alsa.

Unakumbuka ile wodi. Ulikuja na sare ya shule, umeketi mwisho wa kitanda. Nesi akaja na karatasi.

"Mzee, unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Chai?"

"Pombe."

"Sinywi."

Akaandika kitu, na kilikuwa kirefu kuliko "sinywi". Halafu akauliza lile swali lao. "Kutoka sifuri mpaka kumi, sifuri ni hakuna, kumi ndiyo mbaya kabisa, maumivu ni ngapi?"

Nilikuwa nimejikunja, magoti kifuani, nimekumbatia mto kana kwamba kuna mtu anataka kuninyang'anya. Shati limelowa. Nikasema, "Mbili."

Nawe ukasema, taratibu kama mtu anayetoa namba ya nyumba, "Sista, huyo ukimwuliza, jumlisha sita."

Nesi akacheka. Halafu akanitazama vizuri, akaacha kucheka, akaenda kuleta sindano. Kwenye karatasi niliona ameandika nane.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema mbili. Nimewahi kujiambia ni kwa ajili yako, usiogope. Si kweli. Ulikuwa umeshaogopa, mbili yangu ilikufanya tu uogope peke yako. Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa kuitwa mahali kumeharibika, na sikujua pa kujiweka siku ambayo kilichoharibika ni mimi.

Walinitoa lile jiwe kwa waya wenye kamera, wakapitia mdomoni. Kazi safi, hawakuvunja ukuta wowote, niliwasifu kama fundi. Lakini daktari akaniambia kongosho limeungua mara nyingi kwa ile miaka miwili ya kabeji, limeingia makovu, na makovu hayarudi nyuma. Akanipa vidonge vya kumeza pamoja na chakula, vifanye kazi ambayo kongosho halifanyi vizuri. Mafuta kidogo sana. Pombe hapana, na sigara hapana. Hapo nikakohoa, kwa sababu ile moja ninayovuta juu ya paa la kila jengo jipya nilidhani haijulikani. Pia tuwe tunaangalia sukari, maana kongosho ndilo linaloitunza. "Utaishi nayo," akasema. Nilimwuliza mara mbili ili nihakikishe neno ni kuishi.

Nami nikaishi nayo, si vibaya. Vitu vikazama. Mkanda ukarudi tundu moja. Wewe ukajua kupika ndengu bila tone la mafuta, mpaka mama yako akaanza kukuomba umwekee pembeni. Kanisani tu ndipo palikuwa na shida. Mtu mmoja alisoma mahali kwamba kongosho huharibiwa na chupa, na Jumapili moja nikasikia nikiombewa, kwa jina, nitolewe katika kifungo cha ulevi. Mimi, ambaye nimelewa mara mbili maishani na mara moja ilikuwa dawa ya kikohozi. Niliinamisha kichwa nikasema amina. Maombi ni maombi. Lakini nilitoka pale na kaneno kadogo kameingia moyoni kama kokoto kwenye kiatu: kwamba huu ni ugonjwa wa kuficha.

Na hako kaneno ndiko kalikotupeleka Gatuanyaga.

Barua yako ya chuo ilikuja mwaka jana. Ulitakiwa kuripoti Jumatatu. Jumamosi kabla yake ilikuwa ruracio ya binti wa ankol yako Kamau, siku ya upande wa kijana kuleta mahari. Na kwetu, kukiwa na mbuzi, kisu ni mimi. Unakijua hicho kisu kilichofungwa kwenye gazeti, kisichoruhusiwa kukata hata kitunguu hapa nyumbani. Kukatia wageni nyama ni kazi ya macho ya watu. Wazee wanaangalia mkono wako, wanaangalia kipande gani kimeenda kwa nani, na mkataji huonja mbele yao, waone anachowapa hata yeye anakula.

Nilikuwa na mpango. Ningekata, ningejilamba kidole, ningekula nduma yangu iliyokuwa kwenye mfuko. Mpango ulifika mpaka mbuzi wa pili. Mzee mmoja wa upande wa kijana, mwenye koti la mistari, alikuwa akinitazama kama mkaguzi wa majengo.

"Huyu bwana," akasema, hema zima lisikie, "ametukatia mbuzi wa kwanza, ametukatia wa pili, na mdomo wake bado umefunga. Kwani hii nyama mmeifanya nini?"

Watu wakaangua kicheko. "Haiya! Muonjesheni huyo!"

"Ama anangoja yetu ndiyo ale?" mwingine akadakia.

Daktari amenikataza. Maneno mawili tu, Maitu. Nilikuwa nayo kwenye ulimi. Lakini asubuhi ile Kamau alikuwa amenishika mkono pembeni. "Tafadhali, leo usitaje mambo ya kongosho. Hawa watu wakisikia watasema ni ugonjwa wa walevi. Watasema ukoo wa bibi harusi ni wa chupa." Si Kamau aliyenilisha. Mkono ulikuwa wangu. Ila ujue nilichokuwa nakichagua pale: kati ya tumbo langu na kuonekana mlevi na watu ambao sijawaona tena mpaka leo.

Wewe ulikuwa upande wa pili wa hema umebeba birika. Ukanitazama, ukatikisa kichwa mara moja. Nami nikakukonyeza.

Kule kukukonyeza ndiko ninakojutia kuliko kula.

Vipande vitatu vya mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, vya moto, mafuta yakichuruzika mpaka kwenye saa, na kikombe cha supu juu yake. Nisikudanganye, ilikuwa tamu. Vidonge vyangu vilikuwa kwenye koti, koti lilikuwa kwenye gari la Kamau, na gari lilikuwa limeenda Thika kuongeza soda. Jua halijaegemea sana nilikuwa nyuma ya jiko, nimelala ubavu, nimekumbatia gunia tupu la makaa. Ni wewe uliyenipata. Ulipiga magoti kwenye majivu na nguo yako ya sherehe.

"Ngapi?"

"Mbili."

Safari hiyo hukujumlisha. Ulikimbia. Nilisikia sauti yako ikimgombeza mtu wa pikipiki aliyesema anangoja chakula, kwa maneno ambayo sikujua unayajua, na tukatoka Gatuanyaga watatu juu ya kiti kimoja, vumbi lote lile, wewe nyuma yangu umenishika nisianguke.

Nililazwa wiki mbili. Jumatatu ikaja, ukawa kwenye benchi la wodi. Nikakuuliza, "Na chuo?" Ukasema, "Wamesogeza, Baba. Usijali." Nikalala kwa amani. Ni mama yako aliyeniambia, nilipotoka, kwamba hawakusogeza chochote. Nafasi ilikuwa imekwenda, ungoje mwaka mzima uombe upya. Ulikuwa umeniambia mbili yako.

Nilikaa na hilo kwenye hiki kiti ninachokalia sasa. Nilikuwa nimejiuliza siku zote nitakuachia nini, kwa kuwa shamba halipo. Nikaona nilichokuachia. Ulikuwa umesimama mbele yangu, uso mkavu, ukisema kila kitu kiko sawa, na ulifanya vizuri kama mimi. Labda kunishinda.

Kwa hivyo nalisema hapa kwenye karatasi, ambapo siwezi kukonyeza: mwaka wako niliula mimi. Uliisha kwa vipande vitatu. Ulikaa hapa nyumbani ukichemsha ndengu wakati wenzako wanajifunza kupima ardhi, na hujawahi kunitajia hata siku tuliyogombana kuhusu chumvi. Siwezi kuurudisha. Kitu ninachoweza ni kutokula wa pili, na wa pili unataka kunipa mwenyewe, kwa mkono wako, sweta moja moja.

Sasa Jumanne.

Nilipochelewa Jumanne niliwaambia palikuwa na msongamano Ruiru. Msongamano ulikuwepo; huwa upo; ndiyo maana ni uongo mzuri. Lakini si ndio ulionichelewesha. Saa tano nilikuwa ghorofa ya nne nikifunga sinki, yakaanza. Na nilikuwa sijakosea, Maitu. Uji bila maziwa, kiazi kitamu, vidonge kwa wakati. Hilo ndilo nililotaka kuficha kuliko yote, kwamba mara nyingine yanakuja bila kuitwa, hata ukiwa mtoto mzuri. Kula kwa adabu kunapunguza. Hakumalizi.

Nikaweka spana chini. Nikashuka ngazi nimeshika ukuta, nikamwambia msimamizi, "Naumwa kongosho. Naenda hospitali."

"Kongo nini?"

"Utaniuliza nikirudi."

Nesi hakuwa yule wa zamani, huyu ni kijana ana miwani. Akauliza kutoka sifuri mpaka kumi. Nikafungua mdomo, na nakuapia mbili ilikuwa imeshajipanga pale mbele, imevaa viatu. Nikasema, "Saba." Hakushangaa! Aliandika tu saba, akaenda kuleta dripu. Nilikuwa nimesubiri dunia isimame kidogo. Walinipa sindano, wakachukua damu, wakaniangalia mpaka saa kumi na moja, maumivu yakashuka, wakaniambia nirudi Alhamisi.

Alhamisi ni jana. Nilirudi.

Andika mahali. Daktari mwenyewe alishtuka. Alikuwa na faili langu, na faili langu halina historia ya kurudi. Akasema kongosho liko vile lilivyokuwa, halijaongeza makovu ya kutisha. Sukari imepanda kidogo, si ya dawa bado, ya kuangaliwa tena mwezi ujao. Hilo ndilo tone kwenye gazeti. Moja. Nimeliona, najua liko wapi, na fundi akishajua tone liko wapi hana sababu ya kubomoa nyumba, wala ya kumzuia mtu kuhama.

Mama yako nilimwambia jana jioni. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Ndipo akanirushia taulo la vyombo usoni. Tuko sawa. Naye ana namba ya hospitali, ana namba ya jirani mwenye gari, na ana hasira ya kutosha kunifikisha hata bila gari. Kisu nimempa Kamau. Anakata vibaya, mbavu anazipasua kama kuni, lakini nikiulizwa mbele ya hema lolote kwa nini sili, nitasema nina kongosho bovu, waulize swali lao la chupa, niwajibu. Nimeanza kufanya mazoezi. Yule msimamizi wa Ruiru sasa anajua kongosho kuliko mchungaji.

Kwa hivyo hili ndilo jibu langu la Jumapili. Ukinipigia simu usiniulize uko aje, maana hilo swali lina jibu lake tayari na kila Mkenya amezaliwa nalo. Niulize ngapi. Nitakupa nambari yenyewe, isiyo ya kujumlishwa. Ikiwa tatu au nne, hiyo ni hali yangu ya hewa, endelea kula. Ikiwa saba utasikia kwamba nimeshaenda, au ninavaa viatu, na mama yako atakuambia kama kuna haja ya kupanda basi. Yeye ndiye atakayesema. Si mimi, na si wewe umelala macho huko ukinisikiliza pumzi kwa simu.

Nami nitakuuliza yako. Sitauliza ya nini. Inaweza kuwa ya upweke, au ya mwalimu, au ya kijana fulani ambaye nisingependa kumjua. Nipe tu nambari ya kweli. Usiniambie wamesogeza.

Nikiri jambo la mwisho. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuiweka hii chini kabisa ya begi, ndani ya viatu vyako vya mvua, uikute Eldoret ukishafika. Ungekuwa umeshakwenda, habari ya Jumanne ungeisoma ukiwa mbali, na mimi ningeonekana mtu mkweli bila kulipia. Nilikuwa nimeshakunja hata kurasa za kwanza. Halafu nikaona hiyo nayo ni mbili.

Basi naiweka chini ya sahani yako. Utaisoma jioni hii, na mimi nikiwa mezani, ili uniangalie unavyotaka. Niangalie vizuri. Mto uko kule kwenye kochi, sijaukumbatia. Nimekaa wima. Ukimaliza kusoma na ukaona bado unataka kubaki, sitabishana nawe. Lakini nadhani utakwenda, kwa sababu haja yako haikuwa kuniona. Ulitaka kunisadiki, na hilo linafanyika hata kutoka Eldoret.

Nasikia lango. Ni mapema, tata yako lazima amezeeka. Unaongea na mtu hapo nje, unacheka.

Leo ni nne, Maitu. Sweta zote mbili nimezirudisha, na zipu nimeifunga mimi.

Baba yako